Tabaka la Kumi na Saba

Jumapili, Kihonda. Tangu asubuhi mawingu yameifunika milima ya Uluguru, na mimi dirisha sijalifungua.

Kesho saa nne naitetea tasnifu yangu ya uzamili. Nilipaswa kuogopa maswali ya walimu. Ninayemwogopa ni Mwanaidi, na Mwanaidi alifariki mwaka jana.

Tulisoma pamoja hapa Morogoro, tukiitana "mwenzangu" mpaka watu wakadhani hatujuani majina. Kazi yetu ilikuwa fuwele za fotoni. Kwenye kompyuta tunapanga matabaka membamba, moja la kioo, linalofuata la metamateria, yaani kitu kilichobuniwa ili kiupinde mwanga kinyume na kawaida. Ukiyapanga sawasawa, kuna rangi za mwanga ambazo haziwezi kupita kabisa. Kwenye grafu panabaki patupu. Tunapaita pengo.

Baada ya mazishi ndugu zake walinipa flashi yake. Nikaiendesha programu yake, nikaona katikati ya pengo mstari mmoja mwembamba umesimama wima. Mwanga ulikuwa unapita mahali usipotakiwa kupita. Nikatafuta kosa, nikalipata: kati ya matabaka thelathini na matatu, la kumi na saba lilikuwa nene kuliko mengine. Nikajisemea, masikini, alichapa kwa haraka. Nikalisahihisha. Mstari ukatoweka.

Ndipo nikasoma maneno aliyoyaacha chini kabisa ya programu: "Mwenzangu, la kumi na saba usiliguse. Nimeliharibu makusudi."

Kasoro ile ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Inanasa mwanga wa rangi moja tu, inaushikilia ndani, kisha inaupitisha. Nikairudisha. Niliuelekeza mwanga kwa pembe hii na ile, na mstari, ambao kwa kawaida ungehama, ukabaki karibu palepale. Nilikuwa peke yangu maabara, saa nane mchana, na nywele zilinisimama.

Msimamizi wangu alipouona alinipa mkono. "Hongera, umeona mbali."

Nikasema asante.

Ni hilo tu nililosema. Jina la Mwanaidi sikulitaja siku ile, wala zilizofuata, wala kwenye tasnifu. Nilijidanganya kwamba marehemu hana haja ya shahada. Ukweli ni kwamba nilitamani kuonekana nimeona mbali.

Jana nilikwenda kwao Mkuyuni, jina lake lilipokuwa linarithishwa. Kwetu Waluguru jina la marehemu haliachwi lipotee. Hupewa mtu wa ukoo wa mama, na anayelipokea huwapokea na watu wa marehemu, ndugu na marafiki zake wakawa wake. Safari hii limekwenda kwa binti wa dada yake, mtoto wa miaka saba.

Nilimwamkia mama yake Mwanaidi shikamoo. Aliitikia marahaba, akanishika mkono, akamsogeza yule mtoto kwangu.

"Mwanangu, mwenzio ndiye huyu sasa. Mpe habari za kazi yenu."

Mtoto akanitazama usoni bila aibu yoyote. Nadhani walikuwa wamemfundisha.

"Mwenzangu, kazi yetu imefika wapi?"

Watu wakacheka, wakapiga vigelegele. Nikamwambia imefika pazuri. Kisha nikaenda nyuma ya jiko, nikajifanya nanawa mikono, nikalia.

Tangu jana swali lile linanifuata. Nikiwa jikoni nalisikia. Nikioga nalisikia. Hata sasa, hapa mezani.

Saa moja iliyopita nimeifungua tasnifu, ukurasa wenye ile grafu, nikaandika: kasoro ya tabaka la kumi na saba ilibuniwa na Mwanaidi, sio na mimi. Nimemtumia msimamizi, na maelezo ya yote niliyoyaficha. Ameshausoma ujumbe. Hajajibu.

Naogopa sana. Huenda kesho wakanirudisha nyuma mwaka mzima, huenda wakanifukuza kabisa.

Vyovyote itakavyokuwa, nikitoka pale nitapanda gari la Mkuyuni. Kuna mtoto kule aliniuliza swali, nami nilimdanganya.