Kumurudisha Mama Kutoka Betania

Jumanne, 9 julai 2024

Nimefika Lubudi. Vumbi mpaka mu meno! Kesho naingia Betania kumutosha Mama mule. Alienda aprili kumuona rafiki yake wa masomo, akasema juma moja. Juma moja! Kule hakuna telefone, habari inakuya na bashofere ba makamio ya mizigo: Mama yenu anasalimia, ananenepa. Gael, mudogo wangu, anasema bila Mama nisirudi Kolwezi. Yeye mwenyewe hakuya — eti kazi.

Bantu ba Betania, ni kanisa ya kipekee. Hakuna motere, hakuna courant ya umeme, hakuna foto. Gael alinionyesha video ya ba-Amish ba Amerika: kofia, mikokoteni, farasi. "Ba kwetu beko na ngombe tu," alisema, anacheka. Na mi nauzisha matelefone ku soko. Tutaelewana namna gani?

Jumatano, 10 julai

Mwenye pikipiki amenishusha mbele ya muti uliolazwa mu njia. Kupita pale, hakuna motere. Akageuka mbio, kama anaogopa kuokolewa.

Mama moja wa kilemba cheupe, Mama Abigaëlle, ameniomba kwa upole niweke telefone mu nyungu. Nyungu ya udongo! Mule ndani telefone za bageni zinalia moja moja, kama kuku wagonjwa. Nimeweka mbili. Ya tatu nilikuwa nimeificha mu soksi. Soksi ikalia. Mama Abigaëlle amesogeza tu nyungu karibu na muguu wangu.

Kisha mukokoteni wa ngombe. Ngombe akasimama kufikiri. Sisi wote tukangoja.

Mama hakunikimbilia. Alikuwa juu ya ngazi, anaezeka nyasi! Mama Laurentine, mwenye tension, damu ya kupanda! "Blandine! Umeniletea dawa? Na sukari?" Kilemba cheupe, miguu bila viatu, anacheka kama mutoto.

Alhamisi, 11 julai

Baridi. Maji ya kuoga — sitaki kusema. Mukono wangu unatafuta telefone mu mufuko, unarudi bule, unaona haya. Nimemuambia Mama afunge bitu. "Kesho," amesema.

Asubuhi mzee moja, Tata Kisimba, fundi wa mbao, ndevu bila musharubu, ameleta asali. Mchana ameleta kiti kidogo. Jioni amerudi kuuliza kama kiti kinakalika. Mama akasema kinakalika. Hakiyumbi? Hakiyumbi. Akaangalia mbingu, akasema mvua inaweza kuya. Mvua, mu julai, katikati ya kiangazi! Na Mama, macho chini: "Labda, Tata."

Ee Mungu wangu.

Ijumaa, 12 julai

Nimemuuliza juu ya Tata Kisimba tukiwa ku muto, tunafua. Hakukatala. Mujane kama yeye, eti, muntu ya kusikiliza. Nikasema: Mama, uko na nyumba Kolwezi, courant iko, televisheni iko.

Amekamua shuka mpaka tone ya mwisho. "Ile televisheni njo ilikuwa inaongea na mi, Blandine. Ninyi munapita, munanipima tension, munakimbia."

Nimefua blauzi moja ile ile mpaka rangi ikaanza kutoka.

Jumamosi, 13 julai

Hatuongei. Bukari ya unga na sombe ya majani ya muhogo, tamu sana, inanikasirisha. Mama amemeza dawa mbele yangu, akafungua kinywa nione, akacheka peke yake.

Shafii, shofere wa kamio, ametuma habari: kesho anapita, atatubeba sisi wawili. Nimefunga bitu yangu. Ya Mama sikugusa.

Jumapili, 14 julai

Naandika mbio, bazee beko inje.

Kisha ibada kwisha, Tata Kisimba ameingia na bazee babili, kofia juu ya magoti. Moja akauliza: jamaa ya bibi-arusi iko wapi? Nikaangalia nyuma. Hakuna muntu. Jamaa njo mi! Mama yuko jikoni, anasugua sufuria iliyo safi.

Nilitaka kusema tunaenda, basi. Kinywa kikatoa kingine, na sauti ya marehemu Baba kabisa: "Batata, tension ikimupanda, munamufikisha Lubudi na nini?"

"Na ngombe," mzee akasema.

"Na asipofika?"

Tata Kisimba anageuza kofia, anageuza. "Mutoto yangu," akasema, "bibi yangu wa kwanza hakufika." Kisha akabageukia benzake: pikipiki ya dispensere, ya kubeba bagonjwa, iachiliwe kupita. Motere! Mu Betania! Mzee moja akasimama kabisa, kofia ikaanguka. Nikasema: Batata, siku ya Mungu! Balitoka inje kugombana kwa heshima. Namusikia Tata Kisimba anapandisha sauti. Yule wa kiti kinakalika!

Mama amekuya kukaa pembeni yangu, mikono inadonda maji. Nilifikiri atanikaripia. Ameninong'oneza: "Bakirudi usibaachilie. Uliza tena. Na uliza nani atakuwa anaenda kuchukua dawa."

"Mama, uko upande wa nani?"

"Nyamaza, banasikia."

Kule ku njia kamio ya Shafii inapiga honi. Mama hasimami. Na mi sisimami. Honi tena, refu, ya hasira.

Banarudi. Tata Kisimba njo wa mbele, jasho ku uso na hii baridi yote, anakohoa kusafisha koo —