Kabureta Mbili, Kaka Wawili

Jumamosi, 8 Machi

Nimemaliza. Kabureta zote mbili za gari la marehemu Baba — zimefunguliwa, zimeoshwa, zimevishwa gaskiti mpya, zote juu ya meza ya jikoni. Mama anasema chai yake ina ladha ya petroli. Ladha ya urithi, nikamwambia.

Kaka zangu wamekuja kukagua. Kila mmoja kwa saa yake, maana hawasemeshani, mwaka wa tatu sasa — msumeno uliazimwa, ukarudi hauna meno. Gari wamegawana kwa haki: kabureta ya mbele ni ya Kitabu (mkubwa wetu, haendi msalani bila maelekezo yaliyoandikwa), ya nyuma ni ya Sikio (anayemfuata, husikia ugonjwa wa injini iliyo mtaa wa pili, wa mkewe hausikii). Mimi kitinda mimba nimepewa kuosha. Zile skrubu mbili ndogo za kuchanganya hewa na petroli nisiguse. Zinahitaji ndevu.

Jumapili, 9 Machi

Kitabu alikuja asubuhi. Akakaza skrubu yake hadi mwisho, akairudisha mzunguko mmoja na nusu, kama kitabu kisemavyo. Akaondoka ameridhika. Sikio alikuja mchana, akafumba macho, akageuza ya kwake hadi "ipumue". Akaondoka ameridhika zaidi.

Nikawasha. Upande mmoja umeshiba mpaka unatoa moshi mweusi, wa pili una njaa, unakohoa. Likiwa mwendoni halina neno. Likisimama tu, linatetemeka kama lina homa, halafu linakata roho.

Na Alhamisi Mama anapasuliwa jicho. Mtoto wa jicho amekomaa. Daktari kasema akikosa siku hiyo, foleni ni mpaka mwisho wa mwaka, na kufikia hapo atakuwa anatutambua kwa vikohozi. Nikasema tuite teksi. Hataki. Atakwenda kwa gari la mume wake, na wanawe wote wawili ndani, la sivyo jicho libaki lilivyo. "Niondolewe utando nione nini? Mlivyonuniana?"

Njia ya hospitali imejaa taa za barabarani. Lazima gari lijue kusimama bila kufa.

Jumanne, 11 Machi

Nimewaita wote saa ile ile, kila mmoja akidhani mwenzake hayupo. Ujanja si dhambi. Kazi yenyewe haifanywi na mtu mmoja: huyu akae kwenye usukani asome mshale wa mizunguko ya injini, yule ainame na bisibisi. Boneti ikiinuliwa hawaonani. Raha yao.

Basi nikasimama kando, tarishi. Kitabu kwenye usukani: mwambie huyo afungue robo. Nikamwambia: kaka yako anakuomba ufungue robo. Huyo akajibu, mwambie akamwombe mamba. Nikarudisha: anasema sawa, kaka. Jioni nzima natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili. Sikio akasema mwenzake anakodolea mshale kama mbuzi aliyeona televisheni. Nikafikisha kwamba amesifu macho yake. Kitabu akasema, mwambie naye mkono wake si mbaya.

Hilo nililifikisha kama lilivyo. Sikuwa na mazoea nalo.

Mshale ukapanda, ukatulia. Niliweka bilauri ya maji juu ya injini, haikumwaga hata tone. Hakuna aliyempongeza mwenzake. Wala mimi sikupongezwa, lakini mimi nimeosha tu.

Jumatano, 12 Machi

Nimeona kwa dirisha la jikoni. Wote wamepita "kumsalimia Mama". Kitabu kabla ya chai: kageuza kidogo tu, arudi kwenye kipimo cha kitabu. Sikio baada ya chai: kidogo tu, ipumue. Kila mmoja kaniapisha nisimwambie mwenzake. Mimi ni mtu wa siri. Sikumwambia.

Nilikwenda kurekebisha mwenyewe. Bisibisi haipo. Wananijua.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kiti cha nyuma, mwandiko unaruka. Sikio anaendesha. Kitabu kando yake na kitabu chake. Mama kando yangu, mkoba mapajani, kavaa viatu vya siku kubwa. Taa ya kwanza tumepona. Ya pili limekohoa. Ya tatu limekufa — mbele ya lori la taka lenye honi nzuri sana.

Wameshuka wote. Nikafungua mlango nishuke nami, kazi inaniita. Mama akanishika sketi.

"Kaa."

Nikamwambia hawatasemezana, watasimama pale hadi lori lituzoe.

"Kaa, mwanangu."

Boneti juu. Mara huyu anachungulia kushoto, mara yule kulia, wananitafuta. Honi. Halafu sauti ya Kitabu, kavu, bila kupitia kwangu:

"Wewe. Hii ya nyuma umeigusa?"

"Na wewe ya mbele hukuigusa?"

Bomba la maneno limepasuka. Robo, nusu, kitabu, masikio. Msumeno — umetajwa! Kisha nani alipigiwa simu kwanza Baba alipozidiwa, na nani alikesha naye wodini, na nani alikuja amechelewa na bado akalia kuwashinda wote. Bisibisi inapita mkono kwa mkono katikati ya matusi. Kitabu kaja kuwasha, kaangalia mshale, hakuniona hata mimi. "Geuza. Si huko, punguani. Hapo. Hapo hapo." Kaiacha inaunguruma, karudi mbele kumalizia habari ya wodini.

Nimemwambia Mama tunachelewa, daktari hatungoji, niwaite. Amefumba macho yote mawili, lile baya na lile zuri, kichwa kakiinamisha upande wa dirisha.

"Waache wamalize."

Taa imekuwa kijani, ikawa nyekundu, sasa kijani tena. Injini imetulia vizuri ajabu. Kwenye usukani hakuna mtu.