Koti la Baba Mbele ya Injini 214

Jumatatu, 3 Machi

Wamemfuta baba! Picha yake pekee akiwa mbele ya 214, injini ya mvuke aliyoichochea makaa miaka kumi na tisa. Wameiandika: "Injini haijulikani. Mfanyakazi hajulikani." Na maonyesho ya chama chetu cha wapenda picha za garimoshi ni Jumamosi.

Namba imezibwa na mvuke. Mwenyekiti anasema 214 ilikuwa na pampu kulia, hii iko kushoto, basi siyo. Nikabisha. Akasema dada, hii si kazi ya cherehani. Wenzake wakacheka. Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Nimefunga duka mapema, nikashika lenzi, picha nyingine za 214 kando. Magurudumu makubwa manane. Ngazi ya vidato vitano. Misumari thelathini na miwili kwenye bomba la moshi. Vyote vya 214! Pampu tu ndiyo imehama. Chuma kinahamaje?

Mzee Dizeli, dereva mstaafu, kaja kuchukua suruali. Kwake injini ni za dizeli tu, za mvuke ni mabirika. Anashauri niachane na birika. Nikamjibu suruali haijapigwa pasi, asubiri.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipata!

Nilikuwa natia vifungo koti la mteja. La kiume: vifungo kulia, matundu kushoto. Miaka ishirini na miwili nashona hivyo. Nikainua macho kwenye picha — vifungo vya baba viko kushoto kwake! Mfuko wa kifuani kulia! Baba avae koti la kike kazini?

Picha imegeuzwa kama kwenye kioo, kulia kumekuwa kushoto; ndiyo maana pampu imehama. Filamu niliitoa mwenyewe kwenye sanduku la shangazi, nikampa Mwenyekiti aichape. Akailaza upande usio wake. Kosa lake, aibu kwa baba yangu.

Ijumaa, 7 Machi

Niko ukumbini tangu saa nne. Picha imeshatundikwa, kubwa kama mlango. Nimemwambia Mzee Dizeli afunge koti lake, kisha atazame ukutani. Kafunga, kafungua, kafunga tena. "Jamani! Fundi kasema kweli. Birika limegeuzwa!"

Safari hii hakuna aliyecheka.

Mwenyekiti kashusha sauti. Eti tubandike jina la baba chini, picha ibaki, wageni hawatajua. Hapana! Kesho kutwa atakuja mwingine na lenzi yake, aikague pampu, alifute jina tena. Nimeshamuuliza mchapaji wa mtaa wa pili: kwa muda wa saa tatu, inatoka mpya. Sasa ni saa saba na robo. Muda upo.

Akatoka. Nimeketi chini ya picha, naandika. Mzee Dizeli kaketi nami, anadai ni magoti tu yanamuuma.

Mwenyekiti karudi na ngazi. Mkono mmoja bisibisi ya kuishushia picha, mwingine gundi ya kubandikia jina. Nimemuuliza anaanza na kipi. Anapanda —