Nilikata Taa za Trela kwa Mkasi wa Nguo, Lawama Akabeba Shemeji

Mpendwa mshauri, shikamoo, na kama umri wako ni mdogo kuliko wangu basi irudishe tu, naomba msaada maana nimekwama, sili vizuri wala sishoni vizuri, jana suruali ya mteja nimeiwekea zipu nyuma.

Mimi ni fundi cherehani, mke wangu ni mwalimu wa chekechea, na mwaka huu tumenunua trela la kulala, kile kinyumba cha magurudumu kinachokokotwa na gari, la mtumba lakini zima, kwa sababu mama mkwe macho yanamfifia na amesema hataki kitu kingine duniani ila alale ziwani na watoto wake wawili, yaani mke wangu na shemeji yangu, kabla hajashindwa kuyaona maji. Sasa trela halikuwa na taa za nje, mke wangu akasema tumwite kaka yake, ambaye ni fundi umeme wa magari, atuwekee taa za LED ubavuni na juu ya mlango ili mama aone ngazi. Mshauri, zile taa nilishazinunua, nazo zinauzwa zimeviringishwa kama utepe, zina gundi kwa nyuma, nikajiuliza, utepe? Mimi niliyepamba magauni ya maharusi tangu sijaota ndevu, nimwite mtu aje kunibandikia utepe?

Shemeji alikuja kweli, mke wangu akiwa kazini, tukanywa chai, akaniuliza, "Shem, nikusaidie?" nikamjibu, "Wala usijisumbue, hiyo kazi ndogo." Akaenda zake. Nikapima trela kwa tepu yangu, nikatia alama za chaki, nikachukua mkasi wangu wa meno, ule tunaokatia kitambaa kisichomoke nyuzi, nikakata pale pale chaki iliposema. Kwenye utepe kulikuwa na vimkasi vidogo vimechorwa kila baada ya taa chache, mimi nikadhani ni nembo ya kiwanda. Vipande viwili vikawa vifupi, nikavipandanisha kidogo kama pindo na kuvishona kwa uzi mweusi, kazi safi kabisa kwa macho. Nilipowasha, upande mmoja ukawaka, na mwingine ukawa hauwaki mpaka uubamize mlango.

Jioni mke wangu akakuta vikombe viwili kwenye sinki, akasema, "Kumbe kaka alikuja!" nami nikasema ndiyo, alikuja, na huo si uongo, mshauri, alikuja.

Jumapili mama mkwe akaletwa na shemeji kulikagua trela. Giza linaanza kuingia, mama anashuka ngazi, taa zote zikazima, na mkwe wangu, mtu ambaye hata kumtazama usoni naona haya, akakanyaga ndani ya beseni la vyombo na kukaa chini pwaa. Hakuumia ila alilowa chapachapa. Mke wangu akamgeukia kaka yake hapo hapo, majirani wanasikia: "Mama yako mzazi ndiye wa kumlipulia kazi hivi? Wateja wako mbona huwafanyii?" Shemeji akainama kuangalia ule utepe, akaona alama za meno ya mkasi, akaniangalia mimi. Mimi nikaangalia matairi. Akamfuta mama yake miguu, akaondoka.

Sasa mke wangu hapokei simu za kaka yake na amesema safari tutakwenda bila yeye, mama mkwe naye kasema bila mwanawe hatoki nyumbani, na likizo ndiyo hiyo inakaribia. Mficha uchi hazai, ndiyo maana nimekueleza wewe, lakini mke wangu sijamweleza. Je, nikimshonea shemeji suti nzuri nikampelekea bila kusema kitu, haitatosha?

Ni mimi, Fundi Gizani.

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Fundi. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye beseni, nikamfikiria yule mama wa watu na nguo zake zimelowa, nikaacha.

Tuanze na taa. Vile vimkasi vilichorwa kukuonyesha mahali pa kukata. Ukikata kwingine umekata njia ya umeme, na uzi haupitishi umeme hata ukiushona mara mbili. Bandua yote. Trela linatikisika na kunyeshewa, kwa hiyo nyaya zinataka kuungwa sawasawa, kuzibwa maji zisipenye, na kuwekewa fyuzi. Hiyo ni kazi ya shemeji yako. Unaona aibu gani? Yeye suruali yake ikichanika, si anakuletea wewe?

Lakini hukuniandikia kwa sababu ya taa. "Alikuja, na huo si uongo." Baba, huo ni uongo, tena umeushona vizuri kuliko utepe. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia kwenye beseni na mkweo ndani yake.

Suti? Hapana. Mkeo akiuliza ni ya nini utamjibuje, kwamba shemeji ana mabega mazuri?

Leo mwambie mkeo yote, kuanzia kwenye chai. Atafoka. Mwache afoke, usimkatize, na neno "lakini" lisikutoke. Halafu mwite shemeji pale pale kwenye trela, mama mkwe awepo, na majirani waliosikia mara ya kwanza wasikie na ya pili. Aliyeaibishwa hadharani haombwi radhi chumbani. Ukishasema, mkabidhi kazi, wewe mshikie tochi na unyamaze.

Najua unamwogopa mkeo, hata mimi ningemwogopa. Ila shemeji yako angesema neno moja tu Jumapili ile, ungeumbuka mbele ya mkweo. Alikubali kutukanwa na dada yake ili wewe usiaibike, na inaniuma kwamba mpaka leo umemwacha hivyo. Na macho ya mama yake hayatakungoja wewe upate ujasiri.

Jina lako sikulitaja. Lakini niambie, mafundi cherehani wenye trela la kulala na mkwe aliyekanyaga beseni wako wangapi mjini humo? Gazeti linatoka asubuhi, na walimu hulisoma wakati wa mapumziko. Mwahi mkeo.