Rangi Asiyoiona Panya

Baba,

Kamwene. Najua huitikii, na hata ulipokuwa hai uliitikia ukipenda.

Tumekuzika Madibira, pembeni ya majaruba yako ya mpunga. Uliomba ulazwe Igowole, ubavuni kwa Mama. Ndugu waliniachia niamue mimi, mtoto wako wa pekee, nami nikakataa. Shangazi alinitazama akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka," bila kukumbuka kwamba anakutukana wewe, kaka yake. Nakuandikia wewe ujue sababu, ingawa nadhani unaijua.

Ni kile kitenge chekundu. Mama hakuwa na kingine cha kuvaa kanisani. Alipofariki nikiwa darasa la sita, nilikuwa nalala nacho, maana kilibaki na harufu ya moshi wa jikoni kwake. Mpunga ulipoanza kukomaa, panya wakaingia. Ukasema panya anaogopa moto, na nyekundu ni moto tu. Ukakitoa kitandani kwangu.

"Shika huko mwisho, uvute."

Nikashika, Baba. Wewe ukichana, mimi nikivuta, mpaka kikaisha. Ukanituma nikavifunge vile vipande kwenye vijiti shambani. Panya walikula mpunga hadi chini ya vijiti vyenyewe, nawe ukanichapa, eti nimevifunga vibaya.

Sasa nafanya kazi maabara, Mbeya, kwenye utafiti wa panya waharibifu. Nakata macho ya panya. Ndani yake mna seli ndogo zenye umbo kama la pia ya kuchezea watoto, na katika seli hizo mna kemikali inayonasa mwanga, ndiyo inayomwezesha mnyama kuona rangi. Sisi watu tuna aina tatu. Panya ana mbili: moja ya kijani, nyingine ya mwanga ambao sisi hatuuoni kabisa. Ya nyekundu hana. Kwenye chumba chao tunawasha taa nyekundu, nao wanatembea wakidhani ni giza. Siku mkubwa wangu wa kazi aliponieleza hayo nilitoka nje nikatapika. Aliniuliza kama nina mimba.

Ulipougua nilikuja kukuuguza, lakini si kwa huruma tu. Nilisubiri umalize uji, halafu nikakueleza yote taratibu, kama ninavyowaeleza wanafunzi wanaotutembelea. Nilitaka nikuone ukiumia. Nilitaka na neno moja, "pole", hata kama ni la kinafiki. Uliuliza huo mwanga mwingine ukoje. Nikasema hakuna mtu aliyewahi kuuona, ila kitu cheupe panya anakiona vizuri. Ukasema, "Basi ningechana lile gauni lake jeupe."

Lile la harusi. Ulisema hivyo, ukageukia ukutani, na kesho yake ukaomba uzikwe ubavuni kwake.

Nilikuchukia, Baba. Bado nakuchukia. Na juzi pale Iyunga nikamwona mzee anatembea mikono nyuma, kichwa upande, wewe kabisa, nikalia kando ya barabara mpaka mama muuza ndizi akaniletea kigoda. Inaniudhi sana kwamba nakulilia. Ulinifundisha kupanda mpunga kwa mstari, ulinibeba mgongoni maji yalipojaa, na hayo nayo siwezi kuyatupa.

Siku ile ya kuchana niliiba kipande kimoja, nikakificha kwenye daftari la hesabu. Sasa nimempelekea Mama Igowole, nimekifukia pale kichwani kwake. Wewe nimekununulia kitambaa kipya, chekundu kabisa, nimekufungia msalabani. Nimekifunga vizuri, kagua ukitaka.

Udongo wako bado laini, na panya wameshaanza kuchimba upande wa miguuni. Nimeona mashimo mawili.

Kwaheri, Baba. Kila mavuno nitakuja kukupalilia, hilo nakuahidi. Mtego sitaweka hata mmoja.

Mwanao,
Tumaini