Volant ya Tonton Déo

Jumatatu, 6 octobre

Courant ya umeme hakuna tena. Nilifungua garage mapema, nikamaliza frein, breki, ya taxi moja, halafu tonton Déo akafika na gari yake ndogo. Iko ndugu mudogo wa mama. Yeye njo alinilea tangu papa, baba yangu, alipokufa. Anabeba bachuuzi ba Mumosho na ndizi yao mpaka mjini. Volant, usukani, inakuwa nzito, alisema, taa ya manjano inawaka. Akizima gari na kuwasha tena, inapotea. Volant ya gari hii inasaidiwa na moteur ndogo ya umeme. Nikapima batri: dhaifu. Waya ya masse, ile inafunga batri na chuma ya gari, imeoza. Nikabadilisha waya, nikasafisha vichwa vya batri. Taa ikazima. Akaenda akiimba. Mvua kubwa mchana wote.

Alhamisi, 9 octobre

Alirudi. Uso mubaya. Niliinua magurudumu ya mbele na cric, jeki yangu, nikawasha moteur. Volant ikazunguka yenyewe kushoto. Hakuna mutu ameigusa. Niliogopa.

Nikafungua chini ya tableau, mbele ya kiti cha dereva. Maji iliingia. Capteur, kile kinasoma nguvu ya mikono ya dereva, imeharibika. Inadanganya moteur kwamba mutu anavuta kushoto, na moteur inavuta kweli. Nikakausha, nikasugua kutu ya kijani, nikajaribu tena. Ni vile vile. Haitapona. Inaomba colonne nzima ya volant, nguzo yake na moteur yake, na Bukavu haiko. Nimepigia muchuuzi mumoja wa Bujumbura. Atatafuta.

Nikatoa fusible, ile fyuzi ndogo ya umeme. Bila fusible ile moteur ndogo inalala. Volant inakuwa nzito kama jiwe, lakini gari inaenda pale unaielekeza.

"Tonton, usirudishe fusible. Hata siku moja."

"Na bega yangu hii?"

Bega iliumia mwaka jana, ukuta wa nyumba ulipomuangukia mu mvua.

"Basi acha gari hapa."

"Nikiiacha hapa tutakula nini, mutoto wangu?"

Alipotoka nilimuona anapambana kugeuza kwenye kona. Meno imefungana.

Jumamosi, 11 octobre

Motard mumoja wa pikipiki alifika garage mbio. Gari ya tonton imeanguka bondeni, barabara ya Mumosho. Balikuwa babiri: yeye na bibi yake wa ndoa, maman Nsimire. Malaria ilimushika sana, alikuwa anamuleta hospitali.

Tonton iko na mbavu zilizovunjika. Maman Nsimire amekufa.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 12 octobre

Sikuenda misa. Nilishuka bondeni kuona gari. Imelala ubavu mu shamba ya mihogo ya batu. Alama za gurudumu zinatoka barabarani kushoto, pole pole, bila frein. Nilijua kabla ya kufungua.

Fusible iko ndani. Mupya. Ile niliyoitoa iko mu droo yangu ya garage. Alinunua ingine.

Nikaiacha pale pale. Nikakaa mu majani. Namuchukia. Nimeandika na sifuti. Maman Nsimire alikuwa ananishonea suruali za kazi bila kuulizwa, na mutu huyu amemuua juu ya bega, kwa sababu ya maumivu tu.

Jumanne, 14 octobre

Tumemuzika. Matope mpaka kifundo cha muguu. Mbele ya batu bote kaka wa marehemu alininyooshea kidole: "Huyu fundi njo alimuua dada yetu. Gari ilitoka mu mikono yake." Mama aliniangalia, akingoja nijibu. Tonton alikuwa kwenye kiti, kifua mu bandeji. Aliangalia chini. Hakusema kitu.

Mimi pia sikusema. Singeweza kumushitaki mbele ya jeneza.

Jumatano, 15 octobre

Mwenye taxi ingine, ile niko natengeneza, alikuja kuchukua gari yake, kazi haijaisha. Hakuniangalia usoni. Muchuuzi wa Bujumbura alipiga: colonne imepatikana. Nikamuambia aiache.

Ijumaa, 17 octobre

Nilienda kwa tonton na hasira yote. Alikuwa peke yake. Sikusalimia.

"Juu ya nini ulinyamaza?"

Akasema yote, sauti ya chini. Mulima ulimushinda. Bega ilimuuma mpaka akatoa machozi. Maman Nsimire, na homa yake yote, alimuambia asimame kwenye duka ya barabarani, anunue fusible, airudishe. "Utaumia zaidi, papa. Ni kidogo tu, tufike." Alimuomba mara mbili. Akakubali.

"Nikisema ni mimi, bataniuliza juu ya nini niliirudisha. Nitajibu ni yeye aliniomba? Nimuwekee marehemu kosa hii?"

Nilikuja kumupiga na maneno. Nilikaa chini karibu naye. Nikasema: "Sema fusible. Yeye usimutaje."

Nilirudi kwa muguu. Nimechoka kumuchukia na bado sijaacha.

Jumapili, 26 octobre

Misa ya marehemu. Kisha familia yote ikakaa kwa mama. Tonton akasimama, akishika ukuta.

"Fundi alitoa fusible, akanikataza. Mimi njo niliirudisha. Bega iliniuma. Ni hiyo tu."

Kaka wa marehemu akauliza: "Na dada yetu alijua?"

"Alikuwa na homa," tonton akasema. "Alikuwa analala."

Aliniangalia mara moja. Nikaangalia pembeni.

Kaka akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga, na batu ba upande wake bakamufuata. Hakuna aliyeniomba musamaha. Nilifikiri nitasikia mwepesi. Hapana.

Jumatatu, 27 octobre

Tonton amelala kwetu. Garage sikufungua. Mama alipika bugali na ndagala, samaki ndogo za ziwa. Tangu mazishi tonton alikuwa anakunywa chai tu. Leo alivuta sahani karibu, akala pole pole, akaomba maji. Nikamuletea.