Kuhusu Mota Ulizotutumia

Mtoni, Temeke,
Dar es Salaam.
24 Januari 2026

Mpendwa mpwa wangu Rogers,

Naitikia marahaba, maana najua ungeanza kwa shikamoo. Habari za huko Winnipeg na baridi yake? Kifua kimepona? Monica, aliyetuletea mzigo wako, alituambia kwamba unakohoa. Vaa fulana ya ndani. Sisi hatujambo, isipokuwa goti langu linaniuma ninapopanda ngazi za kanisani. Presha ya mama yako imetulia.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye kundi la familia la simu kila jambo hujibiwa kwa "asante kaka, Mungu akubariki", na mazungumzo huishia hapo. Noela ataipiga picha karatasi hii na kukutumia wewe peke yako.

Rogers, mota ulizotuma hazifai. Za kwanza hazikufaa, na hizi za pili zimetuletea shida kubwa zaidi. Hakuna aliyekuambia waziwazi, ndiyo maana nakuambia mimi.

Unaijua mashine ya kuchonga mbao aliyoiunda mdogo wako Noela hapa uani. Inasukumwa na mota za hatua, ambazo yeye huziita stepa: huzunguka hatua moja ndogo, kisha nyingine, na kisu hufuata mchoro juu ya ubao. Alipokuomba mota, uliuliza jambo moja tu, nafasi kati ya matundu ya skrubu. Hukuuliza zitafanya kazi gani. Ukachagua zilizo fupi ili zisimlemee msafiri. Nilipokuambia kwamba nina shaka, ulinijibu, "Mjomba, relaksi, matundu si yanaingia?" Yaliingia. Kofia yangu nayo ingemwingia mbuzi.

Mota mbili zinaweza kuwa na uso uleule, milimita arobaini na mbili kila upande, lakini moja ikawa fupi na nyingine ndefu karibu mara mbili. Ile ndefu ina chuma na sumaku zaidi ndani yake, kwa hiyo nguvu yake ya kuzungusha ni kubwa zaidi. Hilo hulijui kwa kupima matundu.

Zako za kwanza zilizunguka vizuri zikiwa hazina mzigo. Mama yako akazipiga picha, akakutumia pamoja na shukrani. Kisha Noela akaweka ubao wa mninga. Kisu kilipouma mti, mota zikanguruma, zikaruka hatua, na mashine, isiyojua kwamba imepotea, ikaendelea kuchonga pembeni. Katekista Adelard alikuja kukiona Kituo cha Sita. Akakisogelea, akauliza:

"Binti yangu, kwenye kitambaa cha Veronika umechonga uso au ngazi?"

Noela alicheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu kigango chetu kimempa Noela vituo vyote kumi na vinne vya Njia ya Msalaba. Ni kazi yake ya kwanza ya maana tangu aache kuchonga vishikio vya funguo. Padre amesema kwamba visipokuwa ukutani kabla ya Jumatano ya Majivu, kazi atapewa fundi mmoja wa Mabibo.

Noela alikueleza kwa adabu kwamba zingefaa kubwa kidogo. Kidogo, Rogers! Wewe ukambebesha Monica mota zenye uso wa milimita themanini na sita, kila moja nzito kama kitoto kichanga. Hizo ni za kiwandani. Mbili kati yake hubebwa na mkono wa mashine unaotembea, na mkono umepinda. Tena kifaa kinachozilisha umeme ni kidogo, hakiwezi kuzipa hata nusu ya umeme zinaoutaka. Mota kubwa yenye njaa ni dhaifu, na kasi ikiongezeka hudhoofika zaidi.

Sikukisia. Nilifunga kamba kwenye puli ya kila mota, nikaning'iniza ndoo, tukawa tunaongeza maji kwa kikombe. Zile fupi zilishindwa mapema. Hizi kubwa ziliinua ndoo polepole, lakini Noela alipoongeza kasi zilisimama zikitetemeka, na maji yakanimwagikia viatuni. Iliyoinua vizuri kwa kasi ya kazi ilikuwa ya kati, yenye uso wa milimita hamsini na saba, ambayo Noela aliitoa kwenye mashine ya fotokopi iliyokufa. Anazo za kutosha mashine nzima.

Sasa soma kwa makini. Mama yako amekataza zako zisifunguliwe kutoka kwenye mashine. Juzi alimkuta Noela ameshika bisibisi.

"Kaka yako anajinyima huko kwenye barafu, wewe unang'oa zawadi yake!"

"Mama, hii ni mota, siyo zawadi."

"Kwako wewe mota! Akiniomba picha nimtumie nini, matundu?"

Nilipoingilia, niliambiwa nibaki na ndoo yangu. Dada yangu huyu amekuwa akisusa hivyohivyo tangu tukiwa watoto. Mashine sasa imefunikwa kitenge, Noela hana la kufanya, na Kwaresima haitusubiri.

Kwa hiyo nataka ufanye jambo moja. Usitume mota nyingine. Mpigie mama yako leo, umwambie kwa kinywa chako kwamba zifunguliwe na kwamba hutaona umedharauliwa. Ukitaka kusema kwamba ni mimi niliyekueleza, sema. Najua unatuma vitu kwa sababu uko mbali, nawe unataka mkono wako uonekane kwenye kazi ya mdogo wako. Simu hiyo ndiyo itakayoonekana.

Noela anakusalimu, na anasema hana kinyongo. Katekista Adelard anakusalimu. Monica naye, ambaye mgongo bado unamuuma kwa mzigo wako. Mama yako hajatuma salamu, kwa kuwa hajui kwamba nakuandikia. Yuko sebuleni, simu iko mapajani, anangoja upige.

Mungu akulinde usiteleze kwenye barafu, na akujalie kuuliza kabla ya kununua.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye hata leo nilipochoka nawe,

Polikarpo